Siku ya Nne

Juzi kwenye kibanda cha chai pale Tinde, binti wa kidato cha sita alimwonyesha baba yake, mchimbaji wa Mwakitolyo, programu aliyoiandika kwenye kalkuleta ya grafu.

“Kila siku inachagua namba, moja hadi mia. Ikitoka moja, duara lenu, lile shimo la dhahabu, limeporomoka, nayo inaandika ni siku ya ngapi.”

“Letu liliporomoka mwaka jana. Limeshakula watu wake, limetulia.”

“Kalkuleta haikumbuki ya jana, baba. Shimo nalo halikumbuki.”

Akabonyeza. Siku ya tisini. Akabonyeza tena. Siku ya nne.

Mzee aliweka kikombe chini polepole. “Hiyo futa.”

Binti akafuta. Gari la Mwakitolyo likaja, mzee akapanda.

Huku kwetu hiyo ndiyo hatua ya usalama: unafuta namba, kisha unashuka shimoni.