Gunia la Bi Somoe

Harufu ile ilikuwa ya uchachu, kama nguo iliyolowekwa siku tatu ikasahauliwa, na kila adhuhuri ilitoka chini ya mlango wa Bi Somoe. Nyumba yetu ya Temeke ilikuwa na vyumba sita vilivyotazamana, katikati korido, na nyuma ua, ambako wanawake wote walipikia na kila mmoja alijua mwenzake kapika nini. Bi Somoe peke yake alipikia chumbani, kwa jiko la mafuta ya taa, mlango umefungwa. Hata akienda msalani, kufuli. Chumba chetu kilitazamana na chake. Nilikuwa msichana wa miaka tisa, na nikirudi shule sikuwa na kazi ila kumtazama.

Ulikuwa ule mwaka unga mweupe ulipotoweka tukawa tunakula wa njano uliokuja kwa meli. Mgao ulipitia kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kibwana, mwenye daftari la majina. Asiyekuwemo hakupewa kitu kwenye duka la ushirika. Alfajiri tulipanga mawe mbele ya duka, kila familia jiwe lake, likashika nafasi kwenye foleni mpaka mwenyewe aje. Niliyajua mawe yote. La Bi Somoe lilikuwa halijaonekana wiki ya tatu sasa. Mtu asiyepanga foleni anakula nini? Swali hilo likazaa mengine. Kwa nini lori lilisimama asubuhi moja mbele ya nyumba yetu na utingo akamshushia gunia? Kwa nini aliponiona pale barazani alinisalimia yeye kwanza, mtu mzima, kabla sijamwamkia?

Shuleni mwalimu wa siasa alituambia kwamba mlanguzi hana pembe. Anaweza kuwa jirani, tena mwenye salamu nzuri. Nilihisi anamsema Bi Somoe. Nilijua pia kinachompata mlanguzi: jina hufutwa daftarini, na kama hana kazi inayoeleweka, anarudishwa kijijini kwao. Bi Somoe alikuwa mjane kutoka kusini, msuka ukili wa mikeka, na mjini hapa alikuwa na chumba kile tu. Nililijua hilo, na bado nikaenda kwa balozi.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Mama kakutuma nini?”

“Hajanituma. Bi Somoe kaficha unga. Gunia zima.”

“Umeuona kwa macho yako?”

Nikasema ndiyo. Gunia nililiona, unga sikuuona. Siku ile sikuona kama hayo ni mambo mawili.

Walikuja Jumamosi asubuhi, Mzee Kibwana na mgambo wawili, wapangaji wote wakajaa koridoni. Bi Somoe alikosea tundu la kufuli mara mbili kabla ya kufungua, nami nikalichukua hilo kuwa ushahidi. Gunia lilikuwa mvunguni. Mgambo alikata kamba, akaingiza mkono, akatoa vipande vyeupe vyenye madoa meusi, vikavu kama chaki. Yalikuwa makopa, muhogo uliokaushwa, aliotumiwa na dada yake kutoka kwao.

“Makopa!” alipaza sauti mama wa chumba cha mwisho. “Jamani shoga, kumbe uvundo wote ule ni makopa! Mie nilidhani umeficha maiti!”

Korido nzima ikacheka. Mzee Kibwana hakucheka. “Sasa bibie, chakula chako halali, unakifungia kufuli cha nini?”

“Kwa ajili ya kicheko hiki,” alijibu Bi Somoe. “Nyumba niliyopanga kabla ya hii walinicheka mwezi mzima. Nikaona bora nile peke yangu.”

Balozi akageuka, akasimama kidogo mbele ya mlango wetu. Baba, aliyekuwa karani na mtu wa kuheshimiwa, akampa mkono, wakaongea habari za mvua, kisha wakaagana. Hapo ndipo nilipomtazama mama. Alikuwa ameegemea mlango wetu kwa mgongo, kanga imemlowa jasho. Ndani, kwenye sanduku la mashuka, kulikuwa na mifuko ya sukari ambayo baba aliipata kwa mtu wake wa dukani, nje ya mgao. Niliijua. Nilikuwa nimeonywa nisiitaje nje. Asubuhi niliyokwenda kumsema Bi Somoe nilikuwa nimetoka kunywa uji wenye sukari hiyo, na wala haikunijia kwamba kuna la kujiuliza. Macho yangu makali ya kutambua wafichaji niliyapata nyumbani.

Jina la Bi Somoe halikufutwa. Alikwenda mwenyewe kuliondoa. Kabla ya mgao uliofuata alihamia Kibamba, porini, nje ya mji. Siku anaondoka nilimwamkia, akaitikia vizuri kama kawaida. Mpaka leo sijui kama alijua kwamba ni mimi niliyemsema.

Sasa nimemaliza chuo kikuu, nina kazi ofisini na nimepanga chumba Kinondoni. Rafu za maduka bado tupu, na mimi bado nashuku: nashuku anayechelewa kazini, anayewahi, anayenisifia. Elimu imenipa tu maneno mazuri zaidi ya kuelezea shaka zangu. Ila siku hizi, kabla sijafumbua mdomo, najiuliza kwanza ninaficha nini kwa kumsema mwenzangu. Hilo halijaniondolea wasiwasi, limenipunguzia kasi. Juzi majirani walileta tutie sahihi karatasi ya kumshtaki kwa ulanguzi kijana wa chumba cha nyuma, ambaye nguo zake zinanukia sabuni wakati sisi tunafulia majani ya mpapai. Nikaomba siku mbili za kufikiri. “Wewe dada,” akasema mama mwenye nyumba, “anayesita ana lake.” Tangu hapo wakiniona wanapunguza sauti.

Huenda kweli ninalo. Ndiyo maana niliomba siku mbili.