Mwimbaji Ndani ya Kisanduku

Enzi zile za utawala wa jeshi, nilikuwa kwa fundi redio mtaani Wandegeya, Kampala, akinipigia kanda ya muziki wake. Sauti yake aliipitisha kwenye kisanduku alichokiunda mwenyewe, ikatoka kama bati linaloimba. Askari akaingia.

"Nani huyu naimba?"

"Mimi, afande."

"Imba!"

Fundi akaimba bila kisanduku. Askari akatega sikio kwenye spika, kisha kwenye kinywa cha fundi. Mimi ni mchekeshaji; jukwaani ningewavunja watu mbavu kwa tukio hilo. Pale niliitazama bunduki yake tu.

"Wewe naficha mutu. Lete yeye, halafu wewe naenda nyumbani."

Fundi akanyoosha mkono akiwashe kisanduku, amwonyeshe. Kitako cha bunduki kikakiponda.

Fundi alichukuliwa, hakurudi. Yule mwimbaji mwingine walimsaka Kampala nzima. Alikuwa salama kuliko sisi sote, kwa kuwa hakuwahi kuzaliwa.