Oveni ya Hajjati Iliyokuwa Ikikata Umeme

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia karakanani nimevaa viatu vya kanisani, maana ndivyo pekee nilivyokuwa navyo visivyo na tundu. Ilikuwa mwaka 1998. Nilitoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huko Uganda, alfajiri, nikapanda gari pale Rwekubo, nikafika Mbarara mafundi wakifungua milango. Mwenye karakana tulimwita Hajji, mfanyabiashara Mwislamu wa mjini hapo, mnene, asiyependa maneno mengi. Alikuwa na mafundi wa pasi, majiko na oveni za umeme. Mchungaji wetu alikuwa amemweleza kwamba kule Uvira, Kongo, nilisoma shule ya ufundi kabla vita haijatutoa. Aliniangalia, akaniuliza kama nimekula, kisha akanipeleka kwa fundi mkuu.

Fundi mkuu tulimwita Afande. Alikuwa ametunza mitambo ya umeme jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Aliniuliza, "Wewe najua umeme, ama najua kitabu tu?" Nikamwambia najua kidogo cha vyote viwili. Hakucheka. Akaniwekea mezani pasi iliyokufa na bisibisi, akaenda zake.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa majina. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa. Kile kifaa cha ukutani kinachokata umeme mambo yakiharibika, mimi nilikiita dijonkteri, Afande alikiita breka. Waya wa tatu, unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, mimi niliuita latere, yeye athi. Chuma kinachopata moto ndani ya oveni kwangu kilikuwa rezistansi, kwake koili. Miezi ya mwanzo tulionyeshana vitu kwa vidole. Baadaye mimi nikaanza kusema breka na yeye akaanza kusema latere, na mafundi wengine wakawa wanatucheka.

Oveni ndiyo iliyonifundisha kazi. Vijana wa leo nikiwauliza breka inakatika kwa nini, wananijibu kwamba breka ni mbovu. Mara nyingi breka ni nzima. Afande alitufundisha kuanza na swali moja: inakatika lini? Ikikatika palepale unapowasha, tafuta mahali ambapo waya wenye umeme umegusana na mwenzake au na bati la oveni. Ikikubali kwanza halafu ikate ikishapata moto, tafuta kitu kinachobadilika kwa joto. Ikikata tu wakati pasi na birika navyo vinatumika, basi nyumba imebebeshwa mzigo kuliko uwezo wa waya zake. Ukishajua hayo, unachomoa oveni ukutani, unaifungua, unatoa koili moja moja na kupima kila moja kwa mita, kile kipimo cha umeme. Koili nzima hairuhusu umeme hata kidogo kufika kwenye ganda lake. Iliyopasuka inauruhusu.

Mteja wetu mmoja mkubwa alikuwa Hajjati, mjane aliyeoka mikate na keki nyumbani kwake. Maduka mengi ya mtaa wake yaliuza mikate yake, na harusi za Waislamu wa Mbarara zilikuwa hazikamiliki bila keki zake. Oveni yake ilipoanza kuikatia nyumba nzima umeme, tulienda mimi na Afande. Ilikuwa inakata palepale. Tukapima, tukakuta koili ya chini imepasuka, tukaweka mpya. Hajjati alifurahi, akatufungia mkate wa moto kwenye kitambaa.

Baada ya wiki chache aliniita tena, safari hii kwa jambo dogo: taa ya ndani ya oveni imeungua. Afande alikuwa safarini, kwa hiyo nilienda peke yangu. Nilipofika, Hajjati alikuwa katikati ya kuoka keki za harusi ya mpwa wake, meza imejaa. Tukiwa tunaongea akaniambia kwamba ile oveni ilikuwa imeanza tena kukata umeme ikishapata moto, lakini kaka yake ameitengeneza na sasa haikati kabisa. Ila siku hizi, akasema akitabasamu, inamtekenya vidole kidogo akigusa mlango.

Nilichukua tesita, ile bisibisi yenye kitaa ndani, nikaigusisha kwenye bati la oveni. Kitaa kikawaka. Oveni nzima ilikuwa na umeme. Nilitazama miguu ya Hajjati. Alikuwa amevaa kandambili za mpira, amesimama kwenye saruji kavu, na hicho ndicho kilichokuwa kimemwacha hai. Ndoo ya kupigia deki ilikuwa pembeni ya mlango, inasubiri.

Nilizima swichi ya ukutani, nikachomoa plagi na kuifungua. Waya wa athi ulikuwa umekatwa kwa kisu. Kaka yake alikuwa ameona kwamba ukikatwa ule, breka inatulia. Ni kweli inatulia, maana umeme uliopotea hauna tena njia ya kwenda ardhini. Unabaki kwenye bati, unamsubiri mtu awe ndiyo njia.

Kaka mtu alifika kabla sijamaliza kumweleza dada yake. Alikuwa na maduka mjini, mtu wa kuheshimiwa, na harusi ile ilikuwa ya binti yake mwenyewe. Aliniamuru niichomeke oveni. Nikakataa. Akasema wageni wanakuja kesho, akasema ametumia ile oveni kwa mkono wake na hajafa.

"Nyabo," akaniambia, kama wanavyowaita wanawake huko, "wewe umetoka Kongo juzi tu. Utakuja kutufundisha nyumba yetu?"

Nilikuwa na watoto Nakivale waliokula kwa kazi ile, na kwa mteja kama yule neno moja lingetosha kunifukuzisha. Nikamwambia, "Baba, hii kitu iko na umeme mu mwili yake yote. Dada yako akigusa na maji ku miguu, atakufa. Mie sitaiwasha."

Akamtuma mtu kwa Hajji. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, plagi mkononi, nikiwaza nitakavyomweleza mume wangu. Hajji alikuja kwa miguu, kanzu imeloa jasho. Alisikiliza malalamiko yote hadi mwisho. Kisha akanigeukia, akaniuliza nimeona nini. Nikamwonyesha waya uliokatwa. Hakuugusa hata kuuchunguza.

"Huyu ni fundi wangu," akamwambia yule bwana. "Amesema haiwashwi, basi haiwashwi. Ukitaka mwingine, tafuta duka lingine."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mwenye mali akisema vile juu yangu, tangu nilipovuka mpaka. Hajjati alianza kulia taratibu, akamshika kaka yake mkono. Alisema tu, "Ulitaka kunisaidia." Yule bwana akakaa chini kwenye kigoda.

Hajji aliagiza oveni nyingine iletwe kutoka karakanani ili keki zisikwame. Mimi nikabaki na ile mbovu. Nilijua inakata ikipata moto, kwa hiyo nilitafuta nyuma, mahali ambapo waya hupita karibu na bati. Nikaupata mmoja ganda lake limekauka na kupasuka. Bati likipata moto lilitanuka na kuusogelea, likipoa liliuachia. Nikabadilisha waya, nikaupitisha mbali na joto, nikarudisha athi na kupima. Hajjati alisali, kisha akaiwasha mwenyewe. Breka haikukata, na kitaa cha tesita hakikuwaka.

Baada ya harusi yule kaka alikuja karakanani. Hakuomba radhi kwa maneno. Aliniomba nikakague nyumba zake zote za kupangisha, na kila nyumba aliniagizia chai kabla sijaanza.

Nilifanya kazi kwa Hajji miaka mingi. Afande alipozeeka na kurudi kwao, mimi ndiye niliyekuwa fundi mkuu. Baadaye, umeme uliposogea hadi Base Camp, kule kambini Nakivale, Hajji mwenyewe aliniambia nikafungue karakana yangu Misiera, kijiji cha hukohuko kambini, karibu na wanangu, akanipa mita ya kuanzia. Nilitengenezea Wakongo, Warundi, Wasomali, na Wanyankole, wenyeji wa huko, waliokuja hata kutoka Ngarama. Mwaka 2015 macho yalianza kunichanganyia rangi za waya. Fundi asiyeona rangi hapaswi kushika umeme, kwa hiyo niliacha.

Watu huniuliza nimebaki na nini. Seremala atakuonyesha kitanda, mwashi atakuonyesha ukuta. Mimi sina cha kuonyesha. Kazi yangu ilikuwa ni misiba ambayo haikutokea, na wenye nyumba ambamo ingetokea hawaijui. Wanaamka, wanawasha, wanapika, wanagombana juu ya chumvi. Asubuhi nikisikia harufu ya mkate kutoka kwa majirani, nakaa mlangoni na kumshukuru Mungu kwa ajili yao, na kwa ajili ya wote walioniamini nilipokuwa mgeni.