Mkono wa Baba Niliouficha

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale Igowole, mwanangu, muuguzi mgeni alipowaita wazee wetu zahanati. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mmoja, nisiyemwamini mtu. Muuguzi huyo alikuwa na kifaa chenye mpini wa chuma. Mzee anaubana kwa nguvu zake zote, mshale unapanda, yeye anaandika jina na namba kwenye daftari. Alisema kiganja kikilegea, mara nyingi misuli ya miguu na mgongo nayo imelegea.

Sikumwelewa, tena sikutaka kumwelewa. Mwaka ule watu walikuwa wakizunguka kuulizia mashamba ya kupanda miti, na ilishavuma kwamba wazee wasiojiweza watanyang'anywa yao. Nikajiuliza, mguu unapimwaje mkononi? Na lile daftari linakwenda kwa nani? Baba siku hizo hata kifuniko cha dumu alinipa mimi nimfungulie. Nilijua mshale hautapanda.

Nikadanganya kwamba baba ana homa. Kesho yake nikampeleka baba mdogo, mpasua mbao, nikamwambia aitikie jina la kaka yake. Akaubana mpini hadi muuguzi akafurahi. Nikarudi nyumbani najiona mjanja. Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua.

Mvua zilipokolea, baba aliteremka kinyunguni, bustani yetu ya bondeni. Akateleza kwenye daraja la miti. Aliidaka kamba ya pembeni, vidole vikashindwa kuing'ang'ania. Akavunjika paja.

Muuguzi alikuja kumwona. "Kamwene, baba," akamsalimia, akampa mkono. Akaushikilia kitambo, kisha akanigeukia mimi.

"Huu siyo mkono nilioupima," alisema taratibu.

Nikaungama yote. Hakunifokea, alifungua tu daftari. Wenye namba ndogo aliwawekea alama, na hao ndio aliokuwa akiwatembelea majumbani, akiwafundisha kuinuka kitini bila kujishika na kuwahimiza kula maharage na mayai. Jina la baba halikuwa na alama.

Siku ya tatu baba akaniita.

"Uliogopa watanyang'anya shamba," akasema. "Ukaninyang'anya miguu."

Alitembea tena, kwa magongo na kwa mazoezi ya yule muuguzi, ila kinyunguni hakushuka tena maisha yake yote.

Mwanangu, sikuambii umwamini kila anayekuja na daftari. Mimi hata leo namtazama mara mbili. Lakini shaka yako iwe na mdomo. Uliza jina linaandikwa kwa kazi gani, na nani atalisoma. Usiporidhika, kataa waziwazi, wala usitoe jibu la uongo, maana uongo humwumiza hata usiyemkusudia. Na jambo la mwili wa mzazi wako, mwulize mwenyewe kwanza. Mimi sikumwuliza.

Mungu akupe akili ya kuuliza na ulimi wa kweli, na wazee wako wazeeke wakitembea.