Chakula cha Aliyenigonga

Aliyenigonga alikuwa mwanamume wa pikipiki. Nilikuwa nimesimamisha gari kando ya barabara huko Cibitoke, nikisubiri lori lipite, akaja kwa nyuma akaingia kwenye mlango wa buti. Mguu ukamvunjika. Sikulia wala sikupiga kelele. Nilimpakia nikamkimbiza hospitali, na polisi walipofika barabarani walikuta vipande vya taa tu.

Hospitali zetu hazimlishi mgonjwa. Ndugu zake wote walikuwa Kongo, kwa hiyo nikampikia mimi. Ugali na ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, siku nyingine maharage, mpaka aliporuhusiwa. Sikujiona mtu mwema. Mgonjwa akikosa mtu, unakwenda, basi.

Gari langu nalo lilikuwa limelala uani. Ndilo lililokuwa likibeba ndagala kutoka Ruziba hadi dukani kwangu Nyakabiga, na sasa mlango haufungiki. Nilingoja neno moja tu kutoka kwa watu wa bima: kosa la nani. Likiwa lake, bima yake inanitengenezea gari. Likiwa langu, bima yangu inamlipa yeye, mlango ni shauri langu, na mwakani bima inapanda.

Bwana wa bima aliniita ofisini. Alikuwa mpole, hata kiti alinivutia.

"Mama, polisi hawakuona kitu. Lakini ulikuwa unamupelekea chakula?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Alikuwa hana mutu."

"Mutu mwenye hana kosa hawezi fanya vile, mama."

Nilimtazama mdomo. Nilijua hapo ndipo mtu hukasirika, nikaitafuta hasira nisiipate. Nikamuuliza, mama yake akilazwa bila ndugu, nani atampikia? Akasema hayo ni mambo mengine. Kosa likawa langu.

Sasa nanunua ndagala za wachuuzi wanaopita mlangoni, nusu mchanga. Bima mpya nimelipa bila kubishana, na gari bado liko uani.

Juzi nilikutana na yule mwanamume sokoni, anatembea kwa fimbo. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama, watu ya asiransi, ile bima, walikuya kuniuliza. Vya kugongana sikumbuki hata kimoja. Lakini niliwaambia vile ulikuwa unanilisha kila siku. Niliwaambia, huyu mama, mumusaidie."

Alikuwa akitabasamu, akisubiri niseme kitu. Nikamwambia asante.