Tiketi ya Mama ya Kwenda na Kurudi

Mpango wenyewe ulikuwa wa uvivu mtupu, na ndivyo nilivyoutaka. Siku kumi kisiwani Malta, mwezi wa saba, wakati sisi huku Sydney tunatetemeka kwa baridi na kule ni jua tupu. Nyumba ndogo yenye baraza, bahari hatua chache tu. Asubuhi kulala, mchana kula samaki, jioni kukaa. Nimeogesha na kugeuza wagonjwa pale hospitali ya Westmead miaka mingi, mgongo wangu unajua. Lakini safari hii haikuwa yangu, ilikuwa ya mama. Mama amesafiri mara tatu tu maishani, na zote tatu alikuwa anakimbia au anahamishwa: kuvuka ziwa kutoka Kongo, kutoka kambi moja kwenda nyingine, kisha ndege ya kuja Australia. Nilitaka asafiri mara moja bila kukimbia kitu, kabla magoti hayajamkatalia. Hilo tu.

Nilipomwambia, swali lake la kwanza lilikuwa nani amekufa huko.

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Kuna harusi?"

"Hakuna harusi. Tunaenda kupumzika."

"Malta," akasema, akilipima jina. "Si ndiko meli ya mtume kwenye Biblia ilikovunjika? Huko ndiko unanipeleka nikapumzike, weye mtoto?"

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Sawa, Mungu ni mwema," akaniuliza tarehe, akaikariri mara mbili. Nikadhani amefurahi. Nikarudi kwangu Parramatta kichwa kimenivimba, najiona bingwa wa mabinti wote.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, nilikwenda kwake Rooty Hill na picha za ile nyumba ya kisiwani ili achague chumba. Nikafungua kabati nitafute sufuria ya chai. Hakuna. Kabati la pili lina vikombe viwili tu. Blanketi zake nzito, hakuna. Nikachungulia nje: tuta la lengalenga, mchicha wa kwetu, alilokuwa akilipalilia kila siku limebaki udongo mtupu. Nikajua ameibiwa.

"Mama! Nani ameingia humu?"

"Nani aingie? Nimegawa."

"Umegawa nini?"

"Vitu. Sufuria nimempa yule mama wa kwaya, ana watoto wengi. Blanketi nimempa jirani. Lengalenga nimeng'oa na mizizi yake, wamama wa kanisani wakapande kwao. Si tunaondoka mwezi wa saba?"

Lo! Hapo ndipo nilipokumbuka. Kambini, aliyepata safari ya kuhamia ng'ambo aligawa vitu vyake. Jina lako likishabandikwa ubaoni, unampa huyu godoro, yule ndoo, mwingine hata mlango wa nyumba, kwa mkono wako mwenyewe, kabla watu hawajavigombea. Ndivyo tulivyoagana. Na wale wamama wa kanisani wote walipitia kambi, kwa hiyo walipokea bila kuuliza, wakamwombea, wakalia naye. Mmoja wao eti alitaka kujua kama Malta kuna sombe, kisamvu chetu.

Hasira ikanipanda, mimi sina breki. "Jamani! Watu wazima wote wale, hata mmoja hakukuuliza unarudi lini?"

"Anayeondoka haulizwi anarudi lini," mama akasema. "Ni kumtonesha kidonda."

"Kwa hiyo ulidhani haturudi. Na ukakubali?"

"Si ulisema tunaenda wote?"

Alisema hivyo macho makavu, anakunja kitenge. Hasira yote ikaniishia. Mwanamke wa miaka sabini na miwili, hatimaye ana nyumba yenye funguo zake mwenyewe, ana bustani, ana kwaya. Mtoto wake akamwambia tunaondoka, naye akaviachia vyote kimoja kimoja kwa wiki mbili, bila kulalamika, kwa sababu aliyemwambia ni mimi. Nilimwogopa mama yangu siku ile. Miaka yote nimekuwa naye, nimemkaripia kuhusu chumvi na vidonge vya presha, na sikuwahi kujua ni mkubwa kiasi gani. Nililia, sifichi.

Kisha nikamkalisha, nikamvalisha miwani, nikafungua tiketi kwenye simu.

"Mstari huu wa kwenda. Huu wa kurudi."

Akausoma ule wa pili polepole, na midomo inacheza. "Huu wa kurudi nani ameandika?"

"Mimi nilichagua siku, wao wakaandika."

"Kabla hatujaenda?"

"Kabla hatujaenda, Mama. Ndivyo likizo ilivyo."

Aliugusa kwa kidole, ukateleza ukapotea, akashtuka, akaniamuru niurudishe. Akausoma tena. "Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe mtu anaweza kuijua siku ya kurudi na bado hajatoka."

Tukaitazama tarehe pamoja.

Halafu akachukua simu yake, akampigia yule mama wa kwaya. "Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane una shifti? Basi usiichukue. Mtakuja kula kwangu, wewe na wenzako." Akasikiliza. "Ndiyo, kwangu, hapa hapa. Nitakuwa nimerudi." Mwenzake nadhani hakuelewa, maana mama alisimama wima akapaza sauti nyumba nzima: "Nimesema nitakuwa nimerudi!"

Akakata, akampigia mwingine, naye akamwambia hivyo hivyo.