Mtani Niliyemtoza Dola

Kuna mtu nilimtoa katika mji huu wa Songea bila kumwinulia mkono wala kumpeleka barazani. Nilitumia kalamu ya bluu, karatasi mbili za mistari na subira. Wakati nafanya hivyo sikusikia vibaya hata kidogo. Nilisikia utamu, ule wa muwa unaoutafuna taratibu ili usiishe. Nayaandika haya nikiwa na akili zangu zote, na sitaki mtu anitetee.

Nina nyumba Mshangano, na nyuma yake nilijenga vyumba viwili vya kupangisha nilipostaafu ukarani wa ghala. Mpangaji wangu alikuwa Myao kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, fundi wa mashine za kusaga. Mwenye mashine mmoja wa hapa mjini alimwajiri kwa sababu alikuwa na sikio la ajabu. Akiweka bisibisi kwenye mashine na mpini wake sikioni, alijua beringi ipi itakufa wiki ijayo.

Mimi ni Mngoni. Kwa hiyo siku aliyoleta godoro lake hakuniamkia, ingawa nilikuwa sawa na baba yake. Alisimama mlangoni akanipima kwa macho kuanzia miguuni.

“Babu yangu alimuuza babu yako kwa kipande cha kaniki,” alisema. “Nikikutazama, naona kaniki ilikuwa na faida zaidi.”

“Babu yako angemuuza nani?” nikamjibu. “Alikuwa juu ya mti, anasubiri babu yangu apite ndipo ashuke kukojoa.”

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo hiyo yule bwana aliingia jikoni akafunua sufuria, akala bila kukaribishwa. Wangoni na Wayao ndivyo tulivyo. Babu zetu walichinjana, sisi tukarithi matusi peke yake, na tusi la mtani halina kesi. Kwa miaka kadhaa nyumba yangu ilikuwa na kelele za kupendeza. Mke wangu akipika mlenda alimwita, “Mtani, njoo ule kabla huyu Mngoni hajamaliza.”

Kisha shilingi ikaanza kuugua. Haikuanguka siku moja. Uliiona dukani kwanza, kwenye mafuta ya kula, halafu kwenye saruji, halafu kwenye mbolea, kila kitu kilichovuka bahari kabla ya kufika kwetu. Mwenye mashine alilalamika kuwa mkanda mmoja sasa ulikuwa na bei ya mikanda miwili ya mwaka uliopita. Akapandisha bei ya kusaga debe, na akina mama wakarudi kutwanga, na mashine ikakaa kimya siku nyingine mpaka saa nne.

Mimi nilikuwa mjanja. Nilisoma sekondari nikamaliza, hesabu ilikuwa somo langu, na nilijua jambo ambalo majirani hawakujua. Sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu niliinunulia dola kwa mchuuzi wa mawe ya thamani wa Tunduru. Nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaziweka ndani ya sanduku la mke wangu, chini ya vitenge. Kila Jumamosi niliuliza bei mjini. Ikiwa shilingi imeteremka tena, nilirudi nyumbani napiga mluzi. Fikiria mtu mzima anayefurahi pesa ya nchi yake inapougua. Mtu huyo ni mimi.

Mke wangu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alituambia twende Mbeya tukapime vizuri, na ikibidi apasuliwe. Tulikuwa na pesa, ila zilikuwa dola.

“Tuzibadilishe,” alisema mke wangu.

“Tungoje kidogo,” nikasema. “Dola bado inapanda.”

“Na uvimbe nao unapanda.”

Alilisema kama mzaha, nami nililipokea kama mzaha. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: tukivumilia mpaka baada ya mavuno, dola zile zile zingelipa matibabu na kuezeka banda kwa bati. Tulivumilia. Yeye ndiye aliyevumilia zaidi. Mahindi yalipokuwa yanakauka shambani, alifariki katika hospitali ya hapa hapa Songea, kabla sijalifungua lile sanduku.

Nilimzika kwetu Maposeni, kwenye makaburi ya ukoo. Jeneza lilipofika karibu na shimo, mpangaji wangu alitoka katikati ya watu akalala chali njiani, mikono kifuani. Hiyo ni kazi ya mtani. Hakuna aliyeshangaa. Wabebaji walisimama wakingoja aseme la kusema, kisha apewe chochote, ainuke.

“Mama huyu hapiti,” alisema kwa sauti ya juu, macho yake yakitazama mbingu. “Huyu mzee alimweka kama dola, akangoja apande. Haya, amepanda. Amepanda mpaka kwa Mungu. Nani atanipa chenji yangu?”

Watu walicheka. Wengine walifunika midomo kwa kanga, lakini mabega yalionekana. Hata shemeji zangu walicheka huku machozi yakiwatoka, ndivyo msiba wetu unavyotakiwa kuwa. Desturi ilinitaka na mimi nicheke, au nimtukane, kisha nitoe pesa. Nilitoa pesa. Nilimtupia kifuani bila neno, na nikasikia kitu kinafunga ndani yangu kama komeo.

Siku ya kuanua matanga nilimwambia kaka yangu kwamba yule mtu nitamwonyesha.

“Utamwonyesha nini?” akaniuliza. “Mtani hana kosa msibani.”

“Amesema mbele ya watu kwamba nimemuua mke wangu.”

“Amesema ulingoja,” akajibu kaka yangu. “Hukungoja?”

Sikuzungumza naye tena wiki ile.

Mkataba wa pango uliisha mwezi uliofuata, nami nikauandika upya kwa mkono wangu. Nilipata wazo kutoka mjini, ambako nilisikia wenye nyumba kubwa wanawatoza wageni kwa fedha za kigeni. Niliandika kwamba kodi italipwa kwa dola, au kwa shilingi kwa bei ya dola ya mtaani siku ya kulipa. Kiasi nilichokiweka kilikuwa sawasawa na kodi yake ya zamani. Hapo ndipo penye sumu. Mtu yeyote angeusoma na kusema sijapandisha hata senti. Sikuhitaji kupandisha. Nilihitaji shilingi iendelee kuanguka, na ilikuwa inaanguka.

Aliusoma mara mbili. Hakuwa mjinga.

“Mimi nalipwa shilingi, mzee.”

“Wewe ni mgeni,” nikasema. “Mgeni hulipa kigeni.”

“Mwaka jana sikuwa mgeni?”

“Mwaka jana mwenye huruma alikuwa hai.”

Alitia saini. Nilijua atatia. Kibali chake cha kuishi nchini kilikuwa karibu kwisha, karatasi zake zote zilitaja mtaa wetu, na akihama angeanza upya. Zaidi ya hapo, safari hii alikuwa anaiombea kibali na familia yake. Alikuwa na mke na binti wawili ng'ambo ya mto, na kwa miaka yote aliishi kwa kutuma pesa. Jambo moja tu alilitaka duniani, nami nililijua kwa sababu mke wangu alikuwa akinisimulia: kuwaleta watoto wale Songea, walale alipo baba yao.

Wageni hawafanani. Wanunuzi wa mawe kule Tunduru walioshika dola walizidi kunenepa kadiri shilingi ilivyokonda; kila noti yao ililala moja ikaamka moja na nusu. Huyu wangu, mshahara wake ulikuwa ule ule, na ulimwagika pande tatu. Ada ya kibali ilidaiwa kwa dola. Kodi yangu ilikuwa ya dola. Na alichobakiza, akikituma kwao, fedha ya kwao ilikuwa imesimama pale pale huku yetu ikiteleza, kwa hiyo kilifika kimepungua. Nilimsikia akizungumza na mkewe kwa simu uani. Baadaye alimwambia mke wa jirani, “Zamani nikituma, wananunua sabuni mbili. Sasa wananunua moja, na povu la kuazima.”

Jirani alicheka. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, na niliisikiliza sentensi ile kama mshahara.

Nilimwona akiacha vitu kimoja kimoja. Aliacha sigara. Akaacha nyama ya Ijumaa. Akaanza kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kule kwenye mashine ni mbali. Jikoni kwangu hakuingia tena, na mimi sikumwita. Mara moja alileta noti halisi ya dola aliyoifuata Tunduru, siku nzima kwenye basi. Niliiinua juani. Ilikuwa ya zamani, zile zenye picha ndogo ambazo maduka ya kubadilishia fedha huzikataa.

“Hii ina kichwa kidogo,” nikasema, nikamrudishia. “Haipokelewi.”

“Hata chako kidogo, mzee, na kanisani wanakupokea.”

Ulikuwa utani mzuri. Leo naucheka peke yangu. Siku ile niliendelea kunyoosha mkono mpaka akaichukua noti yake, na kesho yake asubuhi tulipokutana kisimani alisimama kando ya njia akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mzee.”

Nilijibu marahaba. Nilidhani nimeshinda.

Mkewe na watoto walikuja kwa matembezi, kwa ruhusa ya muda mfupi, wakisubiri kibali cha kweli kitoke. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Kila jioni binti mdogo aliniletea bakuli la uji wa mtama, akapiga magoti, akaondoka. Niliunywa ule uji. Na wakati naunywa, karatasi ya baba yake ilikuwa mezani kwangu, chini ya kitabu cha nyimbo. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa tayari kumwandikia barua ya utambulisho, lakini alitaka kwanza mwenye nyumba athibitishe kwa saini kwamba mtu huyu anaishi kwake. Saini moja, na ya bure.

Alikuja kuuliza. Nikasema kesho. Alikuja kesho. Nikasema miwani imevunjika. Akarudi baada ya siku tatu, nikasema namngoja kwanza mwenyekiti anieleze vizuri. Sikukataa hata siku moja. Mtu akikataliwa huenda kushtaki, bali anayeambiwa angoje hana pa kwenda. Siku za ruhusa ya familia zikaisha, na kibali chake nacho kikaisha. Nilisaini karatasi ile wiki moja baadaye, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari, nikamwita nimkabidhi.

Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaikunja.

Waliondoka Jumanne asubuhi. Gari la kwenda mpakani lilikuwa barabarani, mama na watoto wameshapanda. Yeye alirudi kunikabidhi ufunguo. Vyumba alikuwa amevifagia, hata kuta alizipaka chokaa palipokuwa na moshi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya kuagana. Nilikuwa na majibu yangu. Nikaanza mimi.

“Nenda, mtani. Ukawauze na waliobaki.”

Hakutabasamu. “Utani na wewe umekwisha, baba,” alisema. “Mtani hujibiwa kwa mdomo. Wewe ulinijibu kwa karatasi.”

“Ulinidhalilisha kaburini.”

“Maneno yale hayakuwa yangu.” Aliniwekea ufunguo mkononi. “Mama alinituma. Alikuja pale mlangoni kwangu akishikilia tumbo, akasema, mimi nikimwambia hanisikii. Nikifa, mwambie wewe, maana wewe hawezi kukukasirikia.”

Akapanda gari.

Sikwenda Mbeya wakati ule, na sikwenda mpakani wakati huu. Nilikaa nimeshika ufunguo nikatafuta namna ya kuendelea kumchukia. Nikamtafutia na mke wangu kosa, kwa nini ampelekee mpangaji maneno ya ndani. Nilijaribu siku nyingi. Hasira yangu ilizunguka ua mzima ikarudi kukaa kwenye kiti nilichokalia.

Baadaye shilingi ilipata nguvu ghafla, na serikali ikatangaza kwamba bei na kodi za ndani zilipwe kwa shilingi. Mkataba wangu ukawa karatasi ya kuwashia moto. Dola za sandukuni nilizibadilisha kwa bei ya chini kuliko ile ya siku mke wangu aliponiomba. Sikuumia. Nilitamani wangenipa pungufu zaidi.

Kaka yangu alifariki mwaka huu. Tulimzika Maposeni, na Wayao walikuja kutoka Tunduru gari zima, maana alikuwa mtu wa watani. Walifanya vituko vyote. Walivaa kofia za marehemu, wakaiba kuku wa wafiwa, wakalala njiani. Kisha bibi mmoja mnene wa Kiyao akachota unga kwenye ungo, akapita mstari wa mbele kuwapaka wafiwa usoni, akiwatukana mmoja mmoja. Shemeji yangu alipakwa. Wanawe wote walipakwa, wakapiga chafya na kucheka. Alipofika kwangu mkono wake ulikuwa juu tayari, mweupe mpaka kiwiko. Mwenzake akamnong'oneza kwa Kiyao, na neno nililolielewa lilikuwa moja tu, dola.

Alishusha mkono, akaufuta kwenye kanga yake. “Shikamoo, mzee,” alisema, ingawa tulikuwa rika moja, kisha akachota unga mwingine akaenda kwa anayefuata. Nilisimama pale mpaka kaburi lilipofunikwa, nikiwa peke yangu katika mstari mzima mwenye uso safi.